Mapenzi na mgongo wazi: yale ambayo hatukufundwa

Nimezaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo wangu haukujifunga vizuri nikiwa tumboni. Natembea kwa magongo, natoa mkojo kwa mpira mwembamba (katheta) kila baada ya saa chache, na nimeolewa. Kinachowashangaza watu ni hilo la mwisho.

Wasichana wa rika langu mtaani kwetu walipovunja ungo waliwekwa ndani, wakaletewa kungwi. Mimi sikuletewa. Hakuna aliyenitakia mabaya. Waliona tu mambo ya ndoa hayanihusu. Kliniki nako yalizungumzwa figo, miguu na mrija wa kupunguza maji kichwani, basi. Wengi wetu tumekua hivyo, na siku akitokea mtu wa kutuambia anatupenda, tunakubali kila atakalo kwa kuhofia hatatokea mwingine. Wadogo zangu mliofikia utu uzima, hofu hiyo imewaumiza wenzetu wengi. Anayekutaka usiku na kukukana mchana, mwache aende.

Kuna jambo jingine linalonikera sana. Tangu utotoni tumevuliwa nguo na kushikwa na wauguzi, madaktari na ndugu, mara nyingi bila kuulizwa. Mtu aliyelelewa hivyo huchelewa kujua kwamba mwili ni wake. Una haki ya kusema sitaki, hata kwa mumeo, hata kwa mkeo.

Ukimpata anayekufaa, mweleze mapema, mkiwa mmekaa na nguo zenu mwilini. Mimi nilimwonyesha mchumba wangu mpira wa mkojo ungali kwenye pakiti yake, nikamweleza unavyotumika. Akauliza kama unauma. Tukaendelea na mazungumzo mengine.

Tendo la ndoa kwetu linahitaji maandalizi, na maandalizi si aibu. Toa mkojo kabla, nawa, na uwe na ratiba ya choo kubwa inayoeleweka, maana ndiyo inayotuliza moyo. Weka taulo kitandani. Mkojo ukitoka kidogo, futeni muendelee. Baadaye jisafishe tena, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo hayako mbali nasi. Sehemu ambazo hazina hisia zinaweza kuchubuka bila wewe kujua, kwa hiyo tumieni kilainishi cha maji na ukague ngozi kila mara. Hisia zikiwa hafifu huku chini, bado kuna shingo, masikio, kifua, mgongo wa juu. Mwambie mwenzako wapi unasikia raha. Yeye hawezi kukisia.

Sasa kondomu. Nyingi zimetengenezwa kwa lateksi, yaani utomvu wa mpira, na sisi tuna hatari kubwa ya mzio wake kwa sababu ya upasuaji na glavu za tangu uchanga. Mzio huo unaweza kubana pumzi. Ukiwashwa midomo ukipuliza puto, au ukila ndizi au parachichi, mwambie daktari. Lakini hata kama hujawahi kuwashwa, ulizia kondomu zisizo na lateksi kwenye maduka makubwa ya dawa. Kuna za kike za naitrili pia, ambayo haina lateksi. Usiache kinga kwa kudhani wewe huwezi kupata mimba: wanawake wengi wenye mgongo wazi hushika mimba kama kawaida. Kwenye uzazi wa mpango, mwambie mhudumu kama unatumia kiti cha magurudumu, maana vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na sindano ya miezi mitatu hupunguza uimara wa mifupa.

Kaka zangu, msinunue dawa za nguvu za kiume barabarani. Daktari wa njia ya mkojo anazo dawa zinazowasaidia wengi wenye hali yetu. Kupata mtoto kunaweza kuwa kugumu zaidi kwa mwanaume, lakini muulizeni yeye kabla ya kukata tamaa.

Na mkipanga mtoto, foliki (vitamini ya asidi ya foliki) ianze kabla ya mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki 4 za mwanzo, wakati wengi hawajajua kama wana mimba. Wanawake wasio na hali yetu huambiwa mikrogramu 400 kwa siku. Kwetu madaktari huandika kiasi cha miligramu 4 au 5. Kama mwenye mgongo wazi ni baba, mama atakayebeba mimba naye anahitaji dozi hiyo kubwa.

Kliniki ijayo, mwombe mama asubiri nje. Muuguzi asipoanzisha mada hii, anzisha wewe.