Barua kwa mwanangu: miaka 82 na misumari ya babu yako

Mwanangu Salim,

Wa aleykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza neno moja tu: lizi ya fleti yako ya Leyton, London, yaani mkataba wa kukaa kwa miaka iliyohesabiwa juu ya ardhi ya mwingine, imebakisha miaka 82, je, uiongeze sasa au ungoje mpaka sheria mpya ya Uingereza ianze kufanya kazi yote? Nami tangu juzi nawaza jambo jingine, nawaza nyumba yetu ya zamani ya Majengo, Mombasa. Niache nianzie huko, nitarudi kwako.

Nyumba ile wewe umeiona kwenye picha tu, ile ya harusi ya mama yako mdogo. Babu yako aliijenga kwa mikono yake: vyumba 6, ukumbi katikati, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, mabati juu. Vyumba 2 tulilala sisi, 4 tulipangisha. Nyumba ilikuwa yake, ardhi haikuwa yake. Watu wengi wa Majengo ndivyo walivyoishi: wajenga juu ya ardhi ya mwenzio, wamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi, siku zinakwenda. Mwenye ardhi wetu alikuwa mzee mpole. Alikuwa akija mwenyewe Ijumaa ya kwanza ya mwezi baada ya swala, anakaa barazani, anapewa kahawa, anakata risiti. Babu yako risiti zote akizitia ndani ya kopo la Kimbo.

Mwaka 1978 mzee yule alimwambia, "Twende kwa wakili tuandikiane miaka 30, unipe kitu kidogo." Nilikuwepo, nimeshika sinia la vikombe. Babu yako akasema kwa heshima, "Neno lako latosha, mzee." Pesa alikuwa nazo. Akanunulia mabati mapya.

Mzee akafa miaka miwili baadaye. Watoto wake wakagawana. Akaja mmoja wao na mpima ardhi, akatupa miezi 3 tuondoe nyumba yetu juu ya ardhi yake. Babu yako akaleta lile kopo, akazimwaga risiti zote juu ya mkeka, za miaka 19. Kijana yule hakututukana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alizitazama moja moja kwa adabu, kisha akasema, "Hizi zaonyesha ulilipa kodi, mzee. Ndiyo kusema ardhi ni yetu."

Tukaibomoa wenyewe, maana vifaa vilikuwa vyetu. Mimi na mjomba wako Athumani tulipewa kazi ya misumari. Babu yako aling'oa mabati na fremu za madirisha, sisi tukiokota misumari iliyopinda, tukiilaza juu ya jiwe na kuigonga kwa jiwe jingine mpaka inyooke, tunaitia kwenye sufuria. Nilikuwa na miaka 13. Kidole gumba cha kushoto kilivimba wiki nzima. Mabati, milango na ile sufuria ya misumari vilipanda mkokoteni kwenda Kisauni. Kuta za udongo hazihamishiki, zikabaki zimesimama bila paa. Masika ilipokuja, bibi yako hakutaka kupita mtaa ule tena.

Ndiyo maana nimewaambia nyinyi watoto mpaka mkachoka: binadamu hufa, karatasi haifi.

Haya, wewe karatasi unayo. Wakili wako ameiona, yasema miaka 125 tangu 1983. Lakini hapo ndipo neno langu linaponishinda, maana karatasi yako nayo inakufa, na mwaka wake umeandikwa: 2108. Zuhura wetu, mwenye miaka 4 sasa, siku hiyo atakuwa bibi wa miaka 86, Mungu akimpa uhai. Wewe una miaka 36. Mtu angesema miaka 82 yakutosha, kwa nini umlipe mwenye ardhi maelfu ya paundi kwa miaka ambayo hutaiishi? Nami nilisema hivyo nilipomaliza kusoma mara ya kwanza, sikufichi. Nikaufikiria ule msingi wetu wa Mtwapa unaoota nyasi, nikasema pesa hizo zingemaliza kuta. Kisha nikaona nimekosea. Fleti huilindi kwa miaka utakayoiishi wewe, unailinda kwa yule atakayeinunua kwako, na kwa benki itakayomkopesha. Umeniandikia mwenyewe kwamba benki za huko haziupendi mkataba mfupi.

Jambo lililonikosesha usingizi ni hiyo namba 80. Lizi ikishuka chini ya miaka 80 bado hujaomba, utamlipa mwenye ardhi kitu cha ziada, wanakiita thamani ya ndoa: fleti ikipanda bei kwa sababu ya miaka mipya, nusu ya faida hiyo ni yake. Sheria hiyo mpya, ya 2024, imekusudia kuifuta ndoa hiyo na kuwapa watu miaka 990, lakini wenye ardhi wakaipinga mahakamani, na vipengele hivyo havijaanza kutumika. Kilichokwisha kuanza, tangu Januari 2025, ni kwamba huhitaji tena kumiliki miaka 2 kabla ya kuomba. Kwa sheria ya zamani, ile ya 1993, waongezewa miaka 90 juu ya hii uliyo nayo, na kodi ya ardhi yashuka ikawa punje ya pilipili manga, ndivyo wanavyoiandika, yaani hulipi kitu. Nimeyasoma maneno hayo nikafurahi peke yangu jikoni, wallahi. Babu yako angetoa nini alipe kodi ya kiwanja kwa punje ya pilipili manga!

Kungoja si ujinga, nakubali. Sheria ikianza kesho utapata miaka mingi zaidi, labda kwa bei nafuu, na wale waliolipa jana watajuta. Na gharama za wakili na mthamini wa mwenye ardhi kwa sasa ziko juu yako, hilo nalo si dogo kwa mtu mwenye mtoto na mkopo wa nyumba. Lakini unayemngojea ni nani? Serikali imeahidi, sawa. Yule mzee naye aliahidi, na alitimiza ahadi yake mpaka siku aliyokufa, hakutupandishia kodi hata senti. Babu yako hakukosea kumwamini. Alikosea kudhani waliokuja nyuma yake watakuwa yeye.

Umenieleza kwamba siku wakili anapompelekea mwenye ardhi ile notisi rasmi ya kuomba kuongezewa miaka, bei yahesabiwa kwa tarehe hiyo, hata mkibishana miezi mingi baadaye. Basi una miaka 2 kabla ya kuufikia mstari ule. Miaka 2 ni ile ile aliyokuwa nayo babu yako, kati ya sinia la kahawa na mazishi. Sitaki kukuamulia. Ulimi unaniwasha, lakini fleti ni yako na mkeo, na Rukia hesabu azijua kunishinda. Mkae naye kwanza.

Mthamini atakuambia nini, nataka kujua. Akishatoa hesabu yake nipigie siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku hapa. Na mwambie wakili akuonyeshe tarehe ile ya 1983 kwa macho yako, mwezi na siku, usitosheke na mwaka. Lile kopo la risiti liko kwa mjomba wako Athumani. Nilimwambia alitupe, amekataa.

Mamako