Kwa anayeanza kuchoma botoksi na fila usoni

Daktari au muuguzi anayeingia kliniki ya urembo kwa mara ya kwanza huiogopa botoksi, dawa ya kulaza misuli, kwa kuwa ni sumu, lakini fila, jeli ya kujaza chini ya ngozi, anaiona kama losheni nzito tu. Amegeuza mambo. Botoksi ikikaa pabaya, mteja atakununia wiki kadhaa, kisha dawa itaisha yenyewe. Fila ikiziba ateri, ngozi hufa, na jicho laweza kupofuka.

Tuanze na kichupa. Cha Botox cha yuniti 100 hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na unga wake ni mchache mno, usishangae ukiona kama kitupu. Ukikichanganya na mililita 2.5 za salini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9, kila mililita 0.1 inabeba yuniti 4. Sindano ikitoboa kizibo, kichupa kinapaswa kuivuta salini chenyewe. Kisipovuta, kitupe. Kizungushe taratibu bila kutikisa, na kwa maelekezo ya mtengenezaji dawa itumike ndani ya saa 24. Kagua pia namba ya toleo na usajili wa dawa, kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ukiwa Tanzania au Bodi ya Dawa na Sumu ukiwa Kenya. Bandia zipo: Aprili 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu Botox ghushi, baada ya watu kulazwa hospitali wakiwa na dalili za botulismi, yaani kupooza kunakoletwa na sumu hiyo.

Sasa mtego wa sirinji ya insulini. Alama zake ni za insulini, mia moja kwa mililita, wala hazihesabu botoksi. Kwa mchanganyiko wa mililita 2.5, yuniti 4 ni alama 10. Anayevuta hadi alama ya 4 ametoa yuniti 1.6 tu, halafu baada ya wiki mbili analaumu dawa. Andika kiasi cha salini kwenye kichupa chenyewe, maana atakayekuja zamu ya mchana hawezi kukisia. Na yuniti za chapa moja hazibadilishwi na za nyingine: kati ya nyusi, Botox ni yuniti 20, Dysport ni 50.

Hizo 20 hugawanywa pointi tano za yuniti 4: moja kwenye msuli wa proserasi juu ya pua, mbili kwenye koragata, msuli unaokunja nyusi, ya kila upande. Mwambie mteja akunje uso kama aliyekasirika. Msuli utajitokeza, uweke alama. Kisha bonyeza kidole gumba cha mkono wa pili kwenye ukingo wa mfupa wa jicho, na sindano ya koragata ikae angalau sentimita 1 juu ya mfupa huo. Ukishuka, dawa hupenya utando wa tundu la jicho na kuufikia msuli unaoinua kope. Kope likilala, matone ya apraklonidini ya asilimia 0.5 hulinyanyua milimita moja au mbili. Zaidi ya hapo ni kusubiri.

Paji la uso lataka akili zaidi. Frontalisi, msuli wa paji, ndio pekee unaoinua nyusi, kwa hiyo ukiulaza huku misuli ya kushusha bado inafanya kazi, nyusi zitaanguka. Ndiyo sababu kipimo cha Botox kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2017 ni yuniti 20 za paji pamoja na zile 20 za kati ya nyusi. Kaa sentimita 2 juu ya nyusi. Mtu mzima ambaye kope zake zimelegea na anazinyanyua kwa paji, mpunguzie sana au mkatalie. Mistari ya kona za macho ni rahisi: pointi tatu za yuniti 4 kila upande.

Usimchome mjamzito, anayenyonyesha, mwenye mayasthenia (ugonjwa wa udhaifu wa misuli), wala mwenye maambukizi pale unapochoma. Uliza kama anatumia antibiotiki ya jentamaisini, maana huongeza nguvu ya dawa. Matokeo huanza siku ya pili au ya tatu, hukamilika karibu siku ya 14, na hudumu miezi mitatu hadi minne. Anayelalamika siku ya tano, mwambie asubiri, usimwongezee.

Fila ya asidi ya hailuroniki huja kwenye sirinji, aghalabu ya mililita 1. Sukuma polepole, kidogo kidogo, ncha ikitembea. Kuvuta nyuma bila kuona damu hakukuhakikishii kwamba hauko ndani ya mshipa. Pua na kati ya nyusi waachie wazoefu: ateri za hapo zimeungana na za jicho.

Dalili ya kuziba ni ngozi kupauka ghafla, hata mbali na ulipochoma. Unajaza mdomo, bawa la pua linapauka. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hujificha, kwa hiyo bonyeza sekunde chache, achia, uhesabu damu inavyorudi, na ugeuze mdomo utazame ndani. Maumivu usiyategemee, kwani fila nyingi zina lidokeni, dawa ya ganzi. Ukishuku, acha hapo hapo. Usiweke barafu. Choma hailuronidesi, kimeng'enya kinachoyeyusha fila, eneo lote lililopauka. Itifaki inayofuatwa na wengi ni takriban yuniti 500 kwa eneo dogo kama nusu ya mdomo wa juu, ikirudiwa kila saa hadi damu irejee. Adrenalini iwe mkononi, maana mzio upo. Mteja akisema haoni, huyo ni wa daktari wa macho dakika hiyo hiyo.

Kama huna hailuronidesi kwenye droo, usifungue fila. Na mteja aondoke na namba ya simu inayopokelewa usiku, kwa kuwa maumivu yanayopanda na ngozi yenye mchoro wa wavu huweza kutokea saa kadhaa baada ya kufika nyumbani.