Kabla hujanunua Landi ya zamani, lala chini yake kwanza

Kila wiki lazima kuna mtu ananisimamisha pale petroli stesheni ya Rongai, anapapasa boneti ya Landi yangu, yaani Land Rover, vile mtu hupapasa ng'ombe wa mahari, halafu swali ni lile lile, "Boss, kama hii naeza pata wapi?" Nimechoka kujibu nusu nusu na matatu zinanipigia honi nyuma, so wacha niandike yote hapa mara moja, mwenye atauliza tena ntamtumia hii.

Yangu ni toleo la Series III, ile ndefu ya inchi 109 kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, petroli, ya 1979. Niliinunua kwa mzee mmoja mkulima huko Nyandarua, alikuwa anabebea viazi, nikamlipa 420,000 nikarudi Nairobi nikijiona mjanja kuliko watu wote. Kabla mwaka uishe nilikuwa nimeweka karibu pesa ingine kama hiyo juu yake. Na mzee hakunidanganya, hata kidogo, nilimuuliza kama iko sawa akaniambia "inavuta," na kweli ilikuwa inavuta. Mimi ndio sikuuliza maswali ya maana.

Shida ni kwamba nilienda kuiangalia na moyo badala ya macho. Mtu wa rika yangu aliyekulia kijijini hawezi kuangalia Landi bila kuona ya DO, yule ofisa wa serikali wa tarafa aliyekuja kusaka pombe. Ilikuwa inasikika ikiwa ng'ambo ile ya bonde, ile sauti ya gia kulia kama inaimba puani, na kabla ifike huku kwetu wamama wa busaa walikuwa wameshamwaga mitungi na watoto tumepanda miti. Sasa mtu kama huyo umpeleke kwa shamba la viazi asubuhi na mapema, mzee apige starter, ile injini iitike. Mimi nilikuwa nimeshanunua kabla nifungue mlango.

Kwa hivyo ushauri wa kwanza: beba gunia, nyundo ndogo na bisibisi, tandika gunia chini, ulale chini ya gari. Usiangalie rangi, usiangalie viti, usiangalie hata bodi. Gonga chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari yote, kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia ting, chuma kilichooza kinatoa sauti kama unagonga debe la matope, na mahali unashuku sukuma bisibisi, ikiingia jua umepata mazungumzo ya bei. Yangu niliigonga nikiwa nimeshalipa, ile boriti ya nyuma kabisa ya kufungia trela ikamwaga kutu kwa macho yangu.

Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo kwa historia, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini bodi inang'aa na chini kumeoza.

Hii gari haikutengenezwa ipendeze mtu. Mwaka wa 1947 kulikuwa na injinia mkuu wa kampuni ya Rover huko Uingereza, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, Wales, na kazi za shamba alikuwa anafanya na Jeep ya Willys iliyobaki kwa vita. Ile Jeep ilikuwa inazeeka na hakukuwa na gari ya Kiingereza ya kuchukua nafasi yake. Hadithi yenyewe inasema alichora umbo la hiyo gari na kijiti kwa mchanga wa ufuo, pale Red Wharf Bay, ndugu yake Spencer akiwa hapo, na Spencer ndiye alikuwa mkubwa wa kampuni. Chuma wakati huo kilikuwa kinagawanywa kwa kibali cha serikali, vita imetoka kuisha, lakini aluminiamu ilikuwepo, so bodi ikawa ya aluminiamu. Pesa za mashine za kukunja mabati haikuwa nyingi, so bodi ikawa bapa bapa, kitu fundi anaweza kunyoosha na nyundo. Rangi ilikuwa kijani tu, ile iliyobaki kutoka kwa ndege za kijeshi. Ikaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na mpango wao ilikuwa iwashikilie miaka michache tu mpaka biashara ya magari ya kawaida irudi. Ilikaa mpaka Januari 2016, ikiwa imepitia Series I, II, IIA, III, halafu One Ten na Defender, karibu gari milioni 2 kwa jumla.

Kwa maneno mengine mtu alitengeneza jembe. Hata ile ya kwanza ilikuwa na mahali pa kutolea nguvu ya injini uzungushe msumeno ama mashine ya shamba. Na jembe ukinunua unaangalia nini, si unaangalia kama chuma kiko na mpini haujaliwa na mchwa?

Turudi chini ya gari. Aluminiamu haishiki kutu vile chuma hushika, ndio maana Landi ya miaka 45 inaoshwa inang'aa. Lakini chasisi ni chuma, na ile ukuta ya kati ya injini na miguu ya dereva, mafundi wetu wanaita faiawoli, pia ni chuma. Tena pale aluminiamu inagusana na chuma na maji yakaingia katikati, aluminiamu yenyewe inaanza kuliwa inageuka unga mweupe. Kwa hivyo baada ya chasisi, inua mazulia ya mbele uangalie pembe za chini za faiawoli, na pale bawaba za milango zimefungwa. Chasisi inaweza kuungwa kipande kipande, faiawoli ikioza vizuri hapo ni kuvua gari yote.

Kuungwa nako kuna kuungwa na kupakwa. Kuna gereji moja sitaitaja, walinipigia chasisi bati jembamba juu ya kutu, wakapaka rangi nyeusi nzito, nikalipa nikasema asante. Miezi minne baadaye kile kipande kilining'inia kama ulimi nikipanda Corner Baridi. Sai nina fundi Kariobangi Light Industries, mzee amezishika tangu zile za serikali, yeye anakata mpaka afike chuma kizima halafu ndio anaunga, na huwa anakuita uje uone kabla apake rangi. Tafuta fundi wa hivyo kabla utafute gari, nasema kweli, na uende naye akakuangalilie. Mlipe siku yake na lunch. Mimi ningefanya hivyo ningeokoa pesa nyingi sana.

Sasa kuiendesha. Series si gari ya kwenda job kila siku Mombasa Road na naomba usijidanganye. Injini ni ya lita 2.25, nguvu yake ni kama farasi 70, juu ya kitu kizito namna hiyo, kilomita 80 kwa saa inatosha kabisa na hata ukitaka zaidi masikio yatakataa. Petroli mimi napata kilomita 5 au 6 kwa lita. Usukani hauna nguvu, kuparki tao ni gym. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, so unaanza kufikiria kusimama mapema, na matatu itajaza hiyo nafasi umeacha mbele, kila mara, zoea tu. Mvua ikinyesha inaingia kwa magoti. Na oili inadondoka, hilo tusidanganyane, keateka wa ploti yetu alinipea siku saba kuhusu madoa ya kabro mpaka nikanunua trei ya bati nikaweka chini na gunia la vumbi la mbao kila mwezi.

Basi mbona sijauza?

Wacha nikupe siku moja. Tulikuwa tunatoka Magadi, tumepita Olorgesailie, jua kali, tukapanda mahali pa mawe nikaachilia klachi vibaya, tukasikia tah! gari ikakataa kusonga. Injini inaunguruma, gia inaingia, gurudumu hazizunguki. Hafu shafti ya nyuma, kile chuma kinachozungusha gurudumu, imekatika, ni ugonjwa wa kawaida wa Series. Nikampigia mzee wa Kariobangi, netwaki inakuja ikienda, akaniuliza kama niko na spana ya kufungua zile bolti sita katikati ya gurudumu. Niko nayo. Akasema chomoa shafti zote mbili, ziba matundu oili isimwagike, halafu sukuma kile kijiti cha manjano chini.

Kwa Series kuna vijiti viwili zaidi ya gia. Kile kifupi cha manjano ukikisukuma kinaingiza magurudumu ya mbele. Kile chenye kichwa chekundu, ukisimama ukakivuta nyuma, kinakupea gia za chini, za kutambaa. Sasa na shafti za nyuma ziko nje, yale ya mbele ndio yalituvuta. Tulifunika matundu na karatasi za nailoni na kipande cha tyubu, tukaenda polepole mpaka Kiserian gari ikivutwa na mbele kama Vitz. Hakuna laptop, hakuna taa imewaka kwa dashibodi, ni spana moja na mzee kwa simu. Siwezi kukuelezea raha ya ile siku na bibi yangu hakuiona raha hiyo, alikuwa ameshika mtoto na chupa ya maji imeisha, hiyo pia niandike.

Ukitaka hii kitu lakini na usumbufu kidogo, tafuta One Ten, ilianza 1983. Hapo walitoa springi za liifu, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, wakaweka koili, breki za diski mbele, na magurudumu yote manne yanavuta wakati wote. Jina Defender lilikuja 1990 baada ya Discovery, gari ingine ya kampuni hiyo hiyo, kuzinduliwa, watu walikuwa wanachanganya majina. Mimi kwa pesa yangu leo ningetafuta ya dizeli ya 200Tdi, hiyo ya kuanzia 1990, mafundi wengi wanaijua na haina kompyuta. 300Tdi iliyofuata 1994 ni tulivu zaidi, ila uliza belti ya taiming ilibadilishwa lini na kama ilirekebishwa, za mwanzo zilikuwa zinakula belti. Td5 ya 1998 iko na kompyuta, ni injini poa lakini hapo umeshatoka kwa dunia ya spana na mzee kwa simu.

Bei usitegemee zishuke. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, so hizi za zamani ni zile ziko tayari, nyingi ziliunganishwa hapa hapa kwa kiwanda cha Leyland Thika, na kila moja ikikatwa vyuma chakavu idadi inapungua. Spea ziko, Kirinyaga Road utapata karibu kila kitu, lakini beba ile ya zamani mkononi ulinganishe na usinunue oili sili ya bei rahisi, utaifungua tena baada ya wiki mbili na leba ni ile ile.

Makaratasi sasa, hapa ndio watu wengi wanaumia. Hizi gari zimebadilishwa injini sana, utapata Landi iko na dizeli ya Isuzu ama Nissan na logibuku bado inasema petroli ya 1975. Fanya sachi kwa eCitizen kabla hujatoa hata deposit, linganisha namba ya injini. Namba ya chasisi kwa Series imepigwa mbele upande wa kulia, pale springi inashikiliwa, itabidi ukwangue rangi na burashi ya waya. Kama muuzaji anakataa ukwangue, funga gunia lako uende nyumbani. Insuarensi nayo, mimi nilipewa thad pati peke yake, wengine hawataki hata kuiona.

Yangu kwa sasa imesimama juu ya mawe, imevunja liifu ya pili nyuma kulia. Kama kuna mtu ako na hiyo ya 109, ya upande wa dereva, usiniletee ya kushoto hazifanani, aniandikie hapo chini, fundi anaingia Alhamisi.