Panchi ya karatasi: anzia kwenye kipimio, si kwenye mpini

Ndugu fundi, umeuliza ubadilishe nini kwanza katika panchi ya mezani unayoiunda upya kwa ajili ya ofisi za hapa Tanga. Nafasi ya milimita 80 kati ya matundu mawili usiiguse, kwa kuwa ndiyo ya ISO 838, kiwango cha kimataifa cha matundu ya karatasi za kuhifadhi, na mafaili mengi huifuata. Kero kubwa ni karatasi kuingia upande. Kwa hiyo weka kipimio cha pembeni (kizuizi ambacho ukingo wa karatasi huegemea) kisicholegea, chenye alama ya A4 inayosomeka bila miwani. Ili kupunguza nguvu ya mkono, noa ncha za vitoboleo kwa mshazari, zikate kidogo kidogo badala ya kugandamiza karatasi yote kwa mkupuo. Kwa hewa yetu ya chumvi, tumia chuma kisichoshika kutu. Kifuniko cha chini, ambacho hufunguka chenyewe na kumwaga vipande mezani, kibane kwa kufuli dogo la kutelezesha.