Kabla ya Kwenda Kutafuta Heroe

Kila anayejua kwamba napenda ndege huniuliza: siku hizi heroe (flamingo) wa Nakuru wako wapi? Wamefuata chakula. Heroe mdogo hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Ziwa Nakuru lilipoanza kufurika miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na makundi makubwa yakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Hurudi mara kwa mara, ila ukianza kwa kuwategemea wao, utakata tamaa mapema.

Nimependa ndege tangu utotoni, na ushauri wangu ni huu: chagua mahali pamoja karibu na kwako, uparudie mpaka ndege wake uwajue kwa sauti. Pangu ni Dunga, hapa Kisumu. Fika alfajiri kabla upepo wa ziwa haujaamka, mwenye mashua akupeleke kandokando ya mafunjo, kisha azime injini na mnyamaze. Humo yumo ndege aitwaye kwa Kiingereza Papyrus Gonolek, mwenye mgongo mweusi, utosi wa manjano na kifua chekundu kama damu. Maisha yake yote ni mafunjo. Yakikatwa ovyo au kuchomwa, hana pa kukimbilia. Usihangaike kumkodolea macho. Utamsikia kwanza, kisha bua litatikisika, na hapo ndipo unainua darubini. Anayetegemea macho peke yake huishia kuhesabu yangeyange na mnandi.

Darubini ya 8x42 yatosha. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Muuzaji atakusifia ya 12, lakini ndani ya mashua inayoyumba utaona tu mtetemo wa mikono yako.

Sasa jambo linalowachekesha jamaa zangu: mabwawa ya majitaka. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, ndege wa matopeni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hushukia huko, tena karibu kabisa na ukingo. Omba ruhusa langoni, na usimame upande upepo unakotoka.

Msitu wa Kakamega uache kwa baadaye. Ndege wake wengi hukaa juu sana kwenye vilele vya miti, na shingo huuma kabla ya saa nne. Ukienda, chukua mwongoza wageni wa pale pale. Waongozaji hao huwatofautisha kwa mlio shorobo, ndege wa msituni wanaofanana sana, kazi ambayo mimi bado inanishinda.