Mwakilishi huteuliwa mzee angali anajijua

Babangu alikuwa na nyumba ya vyumba sita Kisauni, Mombasa, na kodi yote ilipitia mkononi mwake hadi akaunti iliyokuwa kwa jina lake peke yake. Kiharusi kilimpiga alfajiri akitawadha. Siku ya nne nilikwenda benki na kitambulisho chake na barua niliyoiandika mimi, yenye alama ya kidole gumba. Kidole kile nilikishika mimi, nikakichovya winoni na kukibonyeza, naye mzee ananitazama kama asiyenijua. Yule dada wa kaunta aliisoma barua kwa upole, akauliza, "Mzee mwenyewe ameelewa anachokitilia kidole?" Nikashindwa kujibu. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Tulikuwa tumechelewa. Hati ya uwakilishi, ile wengi wetu twaiita pawa ofu atoni, ya kumruhusu mtu akushughulikie mali yako, hutolewa na mwenye akili timamu tu. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hata ukiwa nayo ya kawaida, mtoaji akipotewa na akili, nguvu yake huisha hapo. Yamfaa mzee ambaye miguu imegoma lakini akili iko, au ndugu aliye Uarabuni mwenye kiwanja Likoni. Sisi tulibakiwa na mlango mmoja, Mahakama Kuu, kwa Sheria ya Afya ya Akili, tuombe mmoja wetu awe msimamizi wa mali yake. Ripoti za daktari, viapo, tarehe zikiahirishwa, na huku paa linavuja na wapangaji wanalalamika.

Kwa mama hatukungoja, tulimtaka aandikishe hati mapema. Mwanzo alikasirika. "Mwanitakia uchuro? Mwataka kunizika ningali hai?" Ilibidi khalati, dadake mama, aje, wakakaa barazani mpaka magharibi, akamweleza yaliyotupata kwa baba. Kesho yake mama mwenyewe ndiye aliyevaa buibui kwanza.

Wakili wa mjini tuliyemwendea alitutoa nje sote, akabaki na mama faraghani kumuuliza anataka nini. Wakili asiyefanya hivyo, ondokeni ofisini kwake. Kumbe mama hakunitaka mimi kifungua mimba, alimchagua dadangu mdogo, kwa sababu yeye ndiye anayeandika kila shilingi. Niliumia siku mbili, kisha nikaona amesema kweli.

Msikubali hati ya "afanye lolote". Ya mama imetaja kukusanya kodi, kulipa rati za kaunti, yaani ushuru wa kiwanja, na kumwakilisha kwenye ofisi za serikali. Kuuza na kuweka rehani kumekatazwa kwa maneno yake mwenyewe. Pelekeni nakala za vitambulisho, PIN ya KRA, ile nambari ya mlipa ushuru, na picha za ukubwa wa pasipoti za wote wawili, mtoaji na mteuliwa. Ikigusa ardhi, lazima ilipiwe ushuru wa stempu na isajiliwe kwa Msajili wa Ardhi, la sivyo haitasimama pale. Mama akibadili nia anaweza kuifuta wakati wowote akiwa na akili zake, na kule kuifuta nako kusajiliwe.

Mambo ya hospitali tuliyaandika karatasi nyingine. Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kumteua kwa maandishi atakayetoa ridhaa ya matibabu pindi yeye mwenyewe atakaposhindwa. Karatasi hii basi huanza kazi pale ile ya mali inapokoma. Bila hiyo, ridhaa hutafutwa kwa jamaa wa karibu, na nyumba yenye watoto saba waliogombana yajua hilo maana yake nini.

Tena, mtoaji akifa, hati ya mali imekufa naye. Yanayofuata ni mirathi, na kwetu Waislamu twaenda kwa Kadhi. Mtu akikuuzia kiwanja cha marehemu kwa hati ya uwakilishi, usitoe pesa.

Ya mama iko sandukuni mwake, chini ya leso zake. Nakala anayo dadangu, nyingine wakili. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mama huitoa, humtaka mjukuu amsomee yote polepole, na akifika penye neno "kuuza" humwambia arudie.