Ukikimbia Wewe, Mimi Naanguka

Nilipowaambia washkaji kwamba natunga muziki wa dansi, mmoja akaniuliza kama nimechukuliwa na bendi ya Sikinde au Msondo. Swali halali kabisa. Dar ukisema dansi, watu wanasikia tarumbeta na kiitikio. Mimi ni mtu wa roki, gitaa la umeme mpaka jirani agonge ukuta, na nilikuwa nimeitwa kutunga muziki wa onyesho la dansi ya kisasa: dakika 40, wachezaji watano, hakuna anayeimba.

Ukiitwa kazi ya namna hii, usianzie nyumbani. Mimi nilijifungia chumbani Sinza wiki mbili na hedifoni, nikaenda mazoezini na vipande sita ninavyovionea fahari. Kimoja kilikuwa na mapigo saba kwa mzunguko. Wachezaji huhesabu nane. Walipofika nane, gitaa langu lilishaanza moja, na kila mzunguko pengo likaongezeka. Najua mtunzi wa muziki John Cage na mtunzi wa dansi Merce Cunningham kule Marekani walikuwa wakitunga kila mtu kivyake, muziki na dansi vikakutane jukwaani. Lakini wale walikubaliana hivyo. Sisi tulikuwa tumepishana tu.

Saba hatukuitupa. Tulikaa sakafuni tukahesabu kwa vidole: saba na nane huanza tena pamoja baada ya mapigo 56. Hapo ndipo mtunzi wa dansi akaweka mruko wa kundi zima.

Kilichonifunza zaidi ni mazoezi ya kwanza ya kupiga laivu. Tulikubaliana mapigo 112 kwa dakika. Damu ikachemka, mimi na mpiga dramu tukapanda mpaka kwenye 120 bila kujijua. Kuna mahali kijana mmoja humrukia mwenzake begani. Mwenzake alikuwa hajamaliza kupiga goti. Wote wawili wakaenda chini, kwenye saruji. Yule kijana akakaa anasugua kifundo cha mguu, akaniambia taratibu, "Kaka, ukikimbia wewe, mimi naanguka."

Tukampa mpiga dramu metronomu sikioni, kile kidude kinachogonga mapigo kwa kasi ileile. Ilisaidia, ila haikutosha. Nikageuza amplifaya na kusimama nikiwatazama wachezaji, kama apigaye ngoma ya mdundiko mtaani asivyombandua macho mchezaji. Mtu anayetaka kuruka hupinda magoti na kuvuta pumzi kwanza. Ukiiona hiyo pumzi, umeshajua pigo linaangukia wapi.

Halafu futa. Mimi nilifuta karibu nusu ya gitaa langu, na iliniuma. Kwenye shoo ya roki unajaza kila upenyo, ila hapa nyayo zenyewe ni dramu. Sehemu moja nilibakiza noti moja ya besi inayovuma chini kwa chini, watu wakasikia visigino vikisugua sakafu.

Mambo ya hela: andikianeni kabla ya noti ya kwanza. Nani mwenye rekodi, onyesho likisafiri unalipwa nini, na kazi uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mimi sikuandikiana na mtu. Miezi mitatu baadaye nikatumiwa klipu WhatsApp, muziki wangu unachezewa mji mwingine, tena wameupunguza kasi. Nilikasirika sana. Nikairudia klipu mara ya pili, nikaona ule mruko wa begani umekaa vizuri kuliko wetu.